Bila Barakoa

Floribert alikuwa uani akioga. Adrienne alisikiliza maji yakimwagika, akakadiria yaliyobaki ndooni, kisha akamfunga binti yao Cathy kitenge shingoni ili mkono ulioumia upate pa kulala. Wakatoka bila viatu.

Cathy alikuwa na miaka tisa. Zamani baba yake alipokuwa na hasira, yeye alikuwa shuleni na mama yake sokoni. Sasa shule ilifungwa kwa sababu ya corona, na kiwanda kilimwambia Floribert angoje nyumbani. Watu watatu, vyumba viwili, wiki ya saba. Asubuhi hiyo mtoto alimwaga uji. Floribert aliukamata mkono wake, akauzungusha mpaka kitu kikalia ndani.

Kabla ya kituo cha afya cha Kikula kulikuwa na kizuizi. Polisi aliwasimamisha, akagusa barakoa yake.

“Mama, cache-nez iko wapi?”

“Ilibakia ku nyumba, chef. Mutoto alivunjika mukono.”

“Alianguka?”

Watu walikuwa wakipita. Adrienne alishusha sauti. “Baba yake ndiye alifanya vile.”

“Ile ni mambo ya nyumba.” Polisi hakuutazama mkono. “Bila cache-nez hakuna kupita. Ningekufunga ku cachot, lakini nakuhurumia. Twende nikurudishe.”

“Unipeleke ku cachot, chef. Miye na mutoto.”

Polisi alicheka. Akamshika kiwiko, wakageuka. Adrienne alitembea polepole kadiri alivyothubutu. Majirani waliokuwa vizingitini waliingia ndani.

Floribert alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, barakoa puani.

“Asante, chef,” alisema kwa upole. “Nilikuwa naanza kuwatafuta.”

Adrienne alijua upole ule. Kando yake, mkojo ulikuwa ukimtiririka Cathy mguuni, na mtoto hakusogea.

“Papa, uchunge watu yako,” polisi alisema. “Inchi iko ku urgence ya corona. Na wanawe mikono mbele ya kuingia.”

“Ndiyo, chef.”

Floribert aliinama kwenye ndoo ya kunawia iliyokuwa mlangoni, akafungua kirobineti. Adrienne alinawa. Cathy akanyoosha mkono mmoja chini ya maji.

“Yote mbili,” alisema polisi, akingoja.

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akaanza kuufungua mkono kwenye kitenge.