Lumbesa Juu ya Guta

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote kwamba mafuso, yale malori ya mizigo, yaondoke mtaani kwetu Nyasubi. Yalisimama mbele ya duka langu la mchele, injini zinaunguruma, moshi wote ndani, na binti yangu Anisia ana pumu. Mwezi wa tatu alilazwa mara mbili. Kamati ya soko ikakubali majaribio ya wiki mbili: mafuso yashushe mzigo kwenye ghala nje ya mji, maguta ya umeme, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, yauingize sokoni. Maguta yakishindwa hata siku moja, mafuso yanarudi. Mwenyekiti, mzee Agapiti, alilisema hilo bila kupepesa macho.

Siku kumi na tatu zilipita salama, nami nikawa natembea kifua mbele.

Siku ya mwisho ilikuwa zamu ya mzigo wangu, magunia matano ya mchele kutoka Tinde. Saa nne asubuhi dereva wa guta, Fredy, akanipigia: limezima katikati ya barabara.

Nilifika nimefura. "We Fredy, ulilichaji kweli hili?"

"Nililichaji, mama. Mota imechemka."

"Kwa magunia matano tu?"

Nyuma yetu bodaboda zinapiga honi. Mzee Agapiti ameshafika, na Donatus mwenye mafuso anacheka mpaka anajishika tumbo. "Si niliwaambia? Midoli hii!"

Fredy hakubishana. Alinionyesha magunia kwa kidole. Loo! Kila moja lilikuwa limeshonewa kilemba juu, limevimba. Lumbesa. Ndivyo tunavyonunua kwa mkulima: tunashindilia, tunaongeza kilemba, tunamlipa gunia moja. Gunia ni gunia. Hata ghalani hawakupima, walihesabu tu matano.

Ningeweza kunyamaza. Wangesema guta bovu, yakaisha. Lakini nilimkumbuka Anisia kitandani, mabega yanapanda na kushuka, anaitafuta hewa. Nikaona aibu, aibu hasa.

"Donatus, hebu funga mdomo," nikasema. "Guta halina kosa. Nimelizidishia mzigo mimi."

Nikaomba wembe, nikakata kamba mbele ya watu wote. Mchele uliozidi tukaumimina kwenye magunia matupu. Yakajaa mawili. Mota ilipopoa, Fredy akaondoka na matano yake polepole, bila moshi, akafika dukani kabla ya saa sita.

Mzee Agapiti alibaki anayatazama yale mawili pale barabarani. "Haya ya nani, Mama Anisia?"

Wafanyabiashara wenzangu wakanikodolea macho nisiseme.

"Ya wakulima wa Tinde," nikasema.

Maguta yamebaki, na siku hizi kila gunia linapimwa ghalani kwanza. Wenzangu hawanisalimii mpaka leo. Wasinisalimie. Anisia analala.