Picha Isiyotiwa Saini

Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini mimi nitamsema. Rafiki yangu Kwanini alikuwa mjinga wa aina inayotengenezwa chuo kikuu tu, tena kwenye kozi yetu peke yake.

Kozi yenyewe ilikuwa ya uchoraji na falsafa kwa pamoja. Asubuhi tulikuwa studio, mikono imejaa rangi, nguo zinanuka mafuta ya kuoshea brashi. Mchana tulivuka ua kwenda jengo la falsafa, tukakaa na watu wenye mashati safi kubishana kama meza iliyo mbele yetu ipo kweli. Wachoraji walituona wapiga domo, wanafalsafa walituona mafundi rangi. Siku niliyojiandikisha shangazi yangu aliniambia mshika mawili moja humponyoka. Wenzetu walihama mmoja mmoja, wengine kwenda sheria, wengine kwenda biashara, mpaka tukabaki wawili, mimi na yeye. Tulimwita Kwanini kwa sababu hata ukimwambia chakula kiko tayari, alitaka kujua kwa nini.

Studio ilikuwa na utaratibu wake. Maturubai tuliyochorea, yale ya kitambaa kizito kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, yalikuwa mali ya idara, na yalikuwa adimu. Kila mwisho wa muhula picha zote zilirundikwa pamoja, na mtunza studio akapita na ndoo yake. Picha yenye saini ya mchoraji aliiweka kando isubiri mtihani. Isiyo na saini aliihesabu kuwa zoezi lililoachwa, akaipaka rangi nyeupe yote, ikikauka anarudia, turubai likawa tayari kwa mwanafunzi mwingine. Hili lilijulikana na kila mtu. Wa mwaka wa kwanza walilijua kabla hawajajua choo kiko wapi.

Kwanini naye alilijua. Ila kwenye semina ya falsafa alikuwa amejenga hoja kwamba saini inaharibu picha. Mtu akiona jina, alisema, anaacha kumtazama aliyechorwa, anaanza kumtafuta aliyechora. Profesa alimsifu mbele yetu sote. Mimi nilimwambia, "Hoja nzuri sana, haya, sasa katie saini." Akacheka, akaniita Pilipili kama kawaida yake, akasema mtu aishi kama anavyofikiri. Aliyesoma uchoraji peke yake angetia saini bila kuwaza. Aliyesoma falsafa peke yake asingekuwa na picha. Ujinga ule ulihitaji mtu aliyesoma vyote viwili.

Muhula ukiwa unaisha akaanza kulalamika kuumwa kichwa. Tukamtania kwamba ni mawazo. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na wiki ile haikuisha kabla hatujamzika.

Baada ya maziko nilirudi nyumbani, nikalala likizo nzima nimeugeukia ukuta. Mama aliniletea uji, shangazi akaniletea methali, na vyote viwili havikupita kooni. Picha yake aliyoiacha bila saini haikunijia akilini hata kidogo. Ilinijia chuo kilipofunguliwa, nilipoingia studio na kuona kona yake imefagiliwa.

Mtunza studio alikuwa kwenye sinki anaosha brashi.

"Picha ya Kwanini iko wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Ya mwanamke aliyekaa dukani. Gauni la kijani."

Akafunga bomba. Akanitazama, kisha akatazama rundo la maturubai meupe lililoegemea ukuta. "Haikuwa na jina, dada," akasema.

Nilimwambia maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ningejua ni ya yule kijana nisingeigusa. Nimemzika na mimi." Nilitamani awe mtu mbaya, ningepata pa kuitua hasira yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ndoo, aliyefanya kazi yake.

Turubai nililipata kwenye rundo. Nililijua kwa fremu, maana Kwanini alikuwa fundi mbaya wa mbao na alijaza misumari kwenye kona moja kama anayefunga mlango wa jela. Upande wa mbele ulikuwa mweupe pe.

Mama yake alikuja siku chache baadaye. Nilikuwa nimemwona msibani tu, ameshikwa na wanawake wawili huku na huku. Sasa alikuwa peke yake, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na kelele za mashine. Aliuza vipuri vya magari, na weusi wa grisi ulikuwa haujatoka kwenye kucha zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Pilipili?"

Nikasema ndiyo. Nilimvutia kigoda, kile kile wanachokalia watu wanaochorwa, maana hakikuwepo kingine. Akakaa, akaweka pochi mapajani.

"Nimekuja kuona picha," akasema. "Ile aliyonichora."

Nikatazama rundo la maturubai ukutani. Akadhani sijaelewa, akanieleza yote tangu mwanzo, na sikuwa na ujasiri wa kumkatiza. Alikuwa amemlea Kwanini peke yake, akitegemea atasomea uhandisi aje ashike duka. Kijana alipomwambia amechagua picha na maswali, alimjibu mbele ya wajomba zake wote: heri ningezaa jiwe, ningelijengea. Kijana hakumrudishia neno. Mwaka ukapita wanasalimiana kama majirani. Likizo moja akaja na turubai, akamwomba akae nyuma ya kaunta amchore.

"Nikakaa. Kila Jumapili duka likiwa limefungwa, nakaa. Hatuongei. Yeye anachora, mimi natazama mlango. Nikimwambia nionyeshe, anasema bado, mama. Akaifunika shuka, akaja nayo huku." Akaigeuza pochi mapajani. "Wewe ulikuwa unachora naye hapa. Uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Basi nionyeshe. Nataka kujua aliniona vipi. Kama lile neno bado lilikuwa moyoni mwake, nitaliona usoni pangu. Sitaki kufichwa. Lakini nataka kujua."

Nilimwambia kuhusu saini, ndoo na rangi nyeupe. Nilimwambia haraka haraka, nikiangalia sakafu. Nilitegemea apige kelele. Yeye akauliza tu, kwa sauti ndogo, "Yote?" Nikasema yote.

"Basi wewe niambie. Si uliiona? Niambie uso wangu ulikuwaje."

Hapo ndipo nilipobanwa. Muhula mzima tulikuwa tumesoma juu ya uongo, kama kuna uongo wowote ulio halali, na mimi niliandika insha ndefu kuupinga na nikapata alama nzuri. Sikuikumbuka hata sentensi moja.

"Alikuchora unatabasamu," nikasema. "Macho yamelegea kidogo, kama mtu aliyepumzika. Picha ya upendo, mama. Mtu yeyote angeona."

Alinitazama kwa muda. Ndivyo alivyowatazama, nadhani, wateja waliomletea noti bandia.

"Mwanangu, mimi sikutabasamu hata siku moja kwenye kile kiti," akasema. "Na yeye hakuwa mtu wa kuchora ambacho hakipo. Nimepanda mabasi mawili kuja hapa. Usinidanganye, tafadhali."

Nikaanza kulia, jambo lililoniudhi, maana aliyefiwa alikuwa yeye. Nikafuta uso kwa mkono wa koti lenye rangi. Nikamwambia kweli.

"Uso haukuwepo, mama. Gauni lilikuwepo, mikono ilikuwepo, kaunta na makopo ya oili nyuma yako. Uso hakuumaliza. Alikuwa anauchora asubuhi, jioni anaukwangua kwa kisu. Kesho yake anauanza upya. Nilimwambia aache, atautoboa. Alisema akikuchora ulivyokuwa siku ile ya maneno, anatoka mwanamke mkali tu. Akikuchora anavyokupenda, anatoka mtu mwingine, si wewe. Alitaka wote wawili wakae kwenye uso mmoja, na hakujua inafanywaje."

Mtunza studio, ambaye sikujua amesimama mlangoni tangu lini, akaenda ukutani, akalichukua turubai jeupe, akalileta na kulisimamisha mbele yake kwenye kiunzi cha kuchorea. Kisha akatoka bila kutuangalia.

Mama akainama. Akaanza kulipapasa kutoka chini. Kwanini alikuwa anapaka rangi nzito, na chini ya ule weupe mikunjo ya gauni ilikuwa bado imeinuka. Vidole vyake vikaifuata. "Hili ni gauni," akasema. "Huu mkono." Vikapanda taratibu mpaka kifuani, mpaka kwenye ukosi, na hapo juu vikakosa pa kushika. Palikuwa laini, pamebonyea, kitambaa kimekuwa chembamba kiasi kwamba kilibonyea alipokigusa.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

Akapazungushia kidole, paji la uso, shavu, kidevu, akirudia rudia.

"Pameisha kabisa," akasema. "Alikwangua sana."

"Alikwangua mpaka wiki aliyougua."

"Hakuacha?"

"Hakuacha."

"Kwa hiyo alikuwa hajanikatia tamaa."

Aliushika ubao wa fremu huku na huku, akaweka uso wake pale pale, juu ya ule weupe, akalia kwa sauti yake yote ya dukani. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, na nilimkasirikia Kwanini kuliko nilivyowahi kumkasirikia, kwa sababu alikuwa amekaribia kuupata uso ule, na mama yake alikuwa amekuja, na yeye hayupo.