Mwanaume wa Dirishani

...na sasa eti amesimama dirishani tena, jameni, huyu mtu hana kazi ya kufanya, tangu kitabu kianze yeye ni dirishani tu, anaangalia mvua, taya limekaza, glasi ya pombe mkononi, na huyo msichana mjinga yuko nyuma yake anajiuliza ni uchungu gani umejificha ndani ya macho yale ya kijivu, uchungu gani, si umuulize dada yangu, ama umwambie ageuke akupokee mzigo, umetoka safari, umenyeshewa, lakini wapi, akigeuka tu kitabu kitaisha, na mimi nimesimama hapa nimeegemea ukuta wa choo cha ploti, suruali iko juu, mkanda umefungwa, sina haja kubwa wala ndogo, mtu mzima, mweka stoo wa kiwanda cha simiti, nimejifungia na kitabu cha mapenzi cha bibi yangu Nasike nilichokipitisha uwanjani ndani ya shati kama mwizi wa kuku, kwa sababu ploti hii ya vyumba vya kupanga haina mahali pengine ambapo mtu anaweza kuwa peke yake, na lazima nijue, Jumatatu Nasike anaenda kwao Kimilili, begi limeshapangwa liko juu ya kabati, na nilipomuuliza atarudi lini aliniambia, "Sijui, Omolo," vile tu, bila hasira, afadhali hata angekuwa na hasira, halafu akaketi kitandani akafungua hiki kitabu na machozi yakaanza kumtoka, na si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya huyu, huyu ambaye vifungo vya shati vimemshinda mpaka kwenye jalada amepigwa picha kifua wazi, na ni mahali pa baridi, wanasema theluji.

Sasa nitafute, yawa, nitafute, ana nini huyu ambacho mimi sina, farasi, sawa, ana shamba kubwa la farasi, lakini nani anawalisha na yeye yuko dirishani, hatuambiwi, Metito wa chumba cha tatu mwaka juzi kiangazi kilimmalizia ng'ombe kule Mashuuru karibu wote, na hakusimama dirishani, alikuja hapa Kitengela na mkewe Naserian akapanga chumba, sasa anauza ng'ombe za wenyewe sokoni, ukikutana naye anakusalimia kwa lugha yao, sopa, anacheka, hakuna msichana aliyekuja kutazama macho yake, na mimi je, mimi silewi, sipigi mtu, jioni niko nyumbani kabla chai haijapoa, nabeba ndoo naenda kuchota maji mwenyewe mpaka wanaume wa hii ploti wananicheka ati nimekaliwa chapati, bibi ndiye anatawala, Jumapili niko kanisani, sijawahi kumwambia Nasike neno baya hata moja, na bado analilia mwanaume ambaye ukurasa huu amemfokea msichana, toka, sikuhitaji, na ukurasa unaofuata amemletea farasi mweupe, kwani hawa wanawake wanatakaje, mtu akiwa mzuri tangu asubuhi hadi jioni hakuna anayemwona, lazima kwanza uvunje glasi... na huyo anayegonga ni nani tena, "Nani yuko huko?" ni Mzee Gakuru wa chumba cha mwisho, tumbo lake halina subira, "Ni mimi," "Wewe nani?" "Omolo," "Sasa Omolo, unatoka leo ama tungoje kesho?" "Nakuja, Mzee," siendi popote, ebu nifungue mbele kidogo, kuna mahali alikuwa anasoma jana akalia zaidi, karibu na mwisho, nilimwona, alisoma, akafunga kitabu na kidole ndani, akaniangalia mimi nikikunja shati la kazi, akauliza lile swali lake.

Kwa sababu kila kitabu kina swali lake, hilo ndilo linanichosha, vitabu vinatoka kwa wale wanawake wa saluni, wanapeana, vimechakaa, vingine havina jalada, na vyote ni mwanaume yule yule, mmoja ni daktari, mwingine ana meli, mwingine alikuwa askari, lakini taya ni lile lile limekaza, na Nasike akimaliza kimoja ananigeukia gizani, stima ikiwa imepotea, ananiuliza, "Omolo, wewe ungekuwa huyu mtu, ungemwambia bibi yako kitu kinakusumbua?" na mimi namwambia, "Mimi si huyu, mimi sina farasi," na ninacheka, nadhani ni mzaha mzuri, na yeye hacheki, analala akiangalia ukuta, na kitabu kinachofuata anauliza tena, "Na huyu je, unafikiri ananyamaza kwa sababu hampendi?" sasa mimi nitajua aje, kwani mimi ndiye mwandishi wa kitabu, muulize mwandishi, namwambia lala, mama, kesho ni kazi, na analala, ama mimi nadhani analala... haya, ni hapa, ukurasa umelainika kwa kushikwa, yule mama mzee anayepika kwenye hiyo nyumba kubwa anamvuta msichana kando ya jiko, anamnong'oneza, usilitaje jina la mdogo wake bwana mkubwa, yule aliyezama mtoni, bwana alikataza, tangu siku ya mazishi hakuna mtu analitaja ndani ya nyumba hii, hata mamake mzazi, ptuu, ona ujinga, ona mwanaume, anakataza watu jina, kwani jina ni mbwa ati utalifungia nje, na mama wa watu ndani ya nyumba hiyo hiyo anameza jina la mtoto wake kila siku kwa sababu bwana mkubwa ana macho ya kijivu, ningekuwa huyo mama ningemchapa na mwiko, wallahi, na hapa ndipo Nasike analia, analia nini sasa...

...karai limeburutwa nje, wanawake wanaofua wamehamia huku kwa kamba ya nguo, nasikia maji, nasikia shuka likikamuliwa, na sauti ya Naserian, "Sasa ukienda huko kwenu utakaa sana?" na Nasike anasema, "Nitakaa mpaka nisikie vizuri," "Unagonjeka?" "Sigonjeki, mama, nimechoka tu," na nguo inapigwa, pwa, pwa, nimegandamiza kitabu kifuani nisikie, nimechoka, amechoka na nini na maji ninachota mimi, "Naserian, wacha nikuulize, kwa nini siku hizi unaniita Nasike?" "Si ndiyo jina yako," "Zamani ulikuwa unaniita Mama Sheryl, ploti yote ilikuwa inaniita Mama Sheryl, halafu tulipotoka kuzika nikarudi hapa, hakuna mtu aliyeniita hivyo, hata mtu wa duka, hata wewe, nikawa Nasike, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa," na maji yanatulia karaini, ebu usijibu, Naserian, tafadhali dada, zungumzia nguo, zungumzia jua, "Ni bwana yako," Naserian anasema, "alipita kwa kila nyumba, akasema hiyo jina isitajwe mbele yako, na sisi tukaona ni sawa, kwetu pia mtoto akienda hatumtajangi, lakini nyinyi watu wa huko magharibi, mimi nilishangaa, nilikuwa najua nyinyi huitana na majina ya watu wenu wamekufa," na Nasike anauliza polepole, "Ni Omolo alisema?" "Ni yeye," na tena, "Ni Omolo," lakini sasa haulizi.

Sikufanya kwa ubaya, Mungu ananiona hapa chooni, sikufanya kwa ubaya, ilikuwa siku ile watu wa ploti walikuja kutuaga kabla ya safari ya mwili, nimekaa nje kwenye jiwe, Metito akaja akaketi karibu yangu na rungu lake kati ya magoti, hakusema pole, akaniambia, "Omolo, sisi mtoto akienda, hiyo jina hatuitangi tena, tunaiacha ipumzike," na nikahisi mtu amenitua gunia mgongoni, kumbe inawezekana, kumbe kuna watu wazima, watu wa heshima, ambao hawalazimiki kulitaja, mimi mtoto wa Ugenya ambako wafu wanaitwa asubuhi na jioni, ambako mimi mwenyewe nimebeba jina la babu aliyekufa kabla sijazaliwa, nikakimbilia mila ya wenyewe nikajifunika nayo kama shuka la kuazima, na haikunitosha nikamfunika Nasike pia, nikapita mlango kwa mlango, tafadhali msimwite hivyo, mtamwumiza, nilisema mtamwumiza yeye, nikatoa na picha ya mtoto ukutani nikaiweka chini ya nguo, na Metito mwenyewe, tuseme ukweli, yeye na Naserian wanakaa nje jioni wananyamaza pamoja, hiyo ni mila ya watu wawili, mimi nilinyamaza peke yangu na kumwachia mwenzangu vitabu, na yeye anauliza, ungekuwa huyu ungesema, unafikiri hampendi, si farasi alikuwa anauliza, si huyo mzungu, wajinga ndio sisi, alikuwa ananitafuta mimi, kitabu baada ya kitabu anatafuta mahali mwanaume anafungua mdomo aone bibi yake alifanya nini mpaka akafungua, analilia hapo, na mimi namwambia lala, mama, kesho ni kazi.

Na nimeumia, basi niseme hata kwa huu ukuta, nimeumia, mtoto wangu alikuwa ananingoja kwa geti jioni, hataki kubebwa, anataka kubeba kopo langu la chakula, ni kubwa kuliko mikono yake, analikokota kwenye kokoto, krrr, mpaka mlangoni, na akifika anasema, "Baba amekuja," kama ni yeye aliyenileta, halafu baridi ya Julai, kifua, siku mbili tu, alikuwa ananiangalia mimi, si daktari, mimi, kwamba baba atafanya kitu, na sikufanya kitu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kufanya, na tangu siku hiyo napitia geti la nyuma, narudi mapema kabla ya saa yake, nachota maji, nakunja nguo, nakuwa mtu mzuri, mzuri kabisa, mzuri mpaka bibi yangu anapanga begi... "Omolo!" Mzee Gakuru anapiga mlango kwa kiganja, "Wewe ni mzima huko?" na nje Naserian anasema kitu kwa sauti ya chini, na nguo za Nasike hazipigwi tena, amesimama, yuko hapo, ni mlango wa mbao mbovu tu kati yetu na Mzee mwenye tumbo, na nikingoja nitoke, ninawe mikono, nitafute maneno, nitamkuta amemaliza kuanika na nitauliza kama chai ipo, ninajijua, nitauliza chai, kwa hiyo ni sasa, na hata herufi ya kwanza inakataa, mwaka mzima haijapita hapa mdomoni, jaribu, bwana mkubwa, jaribu, na inatoka, mbaya, imekwaruza, lakini inatoka kwa nguvu, uwanja wote unasikia, "Mama Sheryl!" na watoto wanaocheza kwa kokoto wanaacha mchezo, naita tena, sauti inapasuka katikati ya jina, "Mama Sheryl!" na Mzee Gakuru anasema, "Ah, kumbe ni tishu imemwishia, mpelekee mtu wako tishu tumalize hii maneno," na viatu vya Nasike vinasogea kwenye kokoto, vinasimama karibu na mlango, na sauti yake si ya mtu aliyechoka, "Wachana naye, Mzee. Mwache aite."