Kisima cha Mkongani na Ulimi wa Mramba

...na sasa baraza zima limemgeukia yeye, Mramba mkalimani, kana kwamba ni yeye aliyesema, kumbe aliyesema ni Bi Mwanarusi, kwa Kidigo chake kikavu, kibwebwe kakikaza kiunoni: "Hatukukubali hata mmoja, Chifu akizungushia ua kile kisima kwa ajili ya ng'ombe wake, sisi tutakunywa nini, na aliyekuambia tumekubali ni mwongo, huyo hapo kaketi kando yako," Chifu amesikia, anajikuna shavu, ila Bwana Disii mpya, mkuu wa wilaya, ni mtu wa bara, Kidigo hakijui, kalamu i mkononi, karatasi ya kumpa Chifu kisima i mezani, "Mkalimani, anasemaje?" anauliza kwa Kiingereza, ewe Mramba, anasemaje?... anaishukuru serikali, ndivyo alivyosema siku zote, anashukuru na kukuombea dua, kwani ukalimani si kutia sukari, basi ni nini?, enzi za Mzungu watu walilia kwamba mahindi ya msaada yana fukusi, yeye akatafsiri wameyapenda mno, Mzungu akafurahi, akaleta yale yale, magunia maradufu, Mramba naye akala fukusi wake kimya kimya, wakimtekenya koo... lakini hebu, ukweli ukitoka huwaje, huunguza ulimi?, Mzungu akikasirika aliiva kama kamba wa kuchemsha, huyu Disii wetu atageuka rangi gani, au atacheka?, nani ajuaye, hajajaribiwa, uhuru wenyewe una miezi saba... "Mwanangu," Bi Mwanarusi anamwita, polepole, "mbona maneno yangu yakifika kwako hupungua? Nasema mengi, wewe unasema mawili, bwana mkubwa anatabasamu. Leo nitahesabu," mtu nyuma anaangua kicheko, "Muhesabie, mama, asikupunje!"... kumbe wanajua, miaka yote hii wanajua, wakamwacha na shati lake la kola, wakamwitikia salamu, wakamngoja, labda hata Mzungu hakuwa kiziwi, aliyezibwa masikio ni yeye Mramba, na jua halijasogea, kalamu ingali juu ya karatasi, kazi yake yaweza kwisha kabla ya adhuhuri, "Mkalimani?", naam, bwana, Mramba anavuta pumzi, analitafuta kwa Kiingereza neno la kukataa, anastaajabu, miaka tisa ya ukalimani hajalitumia hata mara moja, na anatamani mno kujua litasikika vipi.