Nyuki Wakali, Nyuki Wapole

Mizinga yetu ilikuwa miwili, mmoja wa nyuki weusi na mmoja wa nyuki wa manjano, na ua wenyewe mdogo. Siku hiyo mume wangu alikuwa anachagua mbegu: nyuki gani tuwazalishe, na gani tuwaondoe.

Nyuki weusi walikuwa wadogo, wachapakazi hasa. Hata kwenye manyunyu utawaona wanarudi na chavua miguuni. Siafu wakija, wanapigana nao. Lakini gusa mfuniko tu uone, wanakufumukia kama uji uliosahauliwa motoni. Nyuki wa manjano wana mwiba pia, ila mpaka uwachokoze. Unanyanyua sega nao wametulia juu yake kama punje kwenye gunzi. Shida yao ni tumbo. Maua yakipungua, wanakomba akiba yote halafu wanazubaa.

Mimi sikuwa na ugomvi na weusi, mpaka mmoja alipomuuma mkamwana wangu shingoni mwaka uliopita. Koo lilivimba, tukamfikisha hospitali midomo imegeuka rangi. Daktari akasema akiumwa tena, huenda asifike. Mume wangu alilisikia hilo kwa masikio yake. Akapigilia wavu dirishani, akaona yamekwisha.

Basi asubuhi hiyo nikajifungia na mkamwana chumbani, tukaziba chini ya mlango kwa shuka kuukuu. Nje, mume wangu na mwanangu walipuliza moshi na kufungua mizinga.

"Mama, nani anashinda?" mkamwana aliniuliza.

Nikachungulia. "Weusi. Sega limejaa pembe hadi pembe. Baba mkwe wako anachekelea."

"Basi nianze kukunja nguo, nirudi kwetu."

"Hebu nyamaza."

Sauti ya mume wangu ikaja: "Fuata nyuki ule asali! Hawa wa manjano watatulisha nini, upole?"

"Mimi nikiwafuata hao weusi, baba, nitakula udongo!" mkamwana akajibu.

Mwanangu alicheka. Mume wangu hakucheka.

Ndipo niliposikia mvumo humu humu ndani. Kona moja ya wavu ilikuwa imechomoka msumari. Nyuki mweusi alizunguka taa, akashuka, akatua kwenye mkono wa mkamwana.

"Usimpulizie pumzi," nikanong'ona. "Tulia hivyo hivyo, mwanangu."

Akatulia. Nyuki akapanda taratibu, kiwiko, bega, akishikashika nyuzi za blauzi, akielekea pale pale shingoni. Chozi lilimtiririka mkamwana, hakulifuta. Nikamwaga maji ya kwenye glasi sakafuni bila kishindo. Nikamfunika nyuki begani, nikapitisha kipande cha kalenda chini yake.

Nikatoka na nyuki huyo ndani ya glasi mpaka uani, nikamweka juu ya mfuniko wa mzinga, mbele ya mume wangu.

"Huyu alikuwa anaenda shingoni kwake."

Alimtazama nyuki akijigonga kwenye glasi. Akautazama wavu aliougongelea mwenyewe. Kisha akalirudisha lile sega lililojaa, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Giza likiingia, ziba mlango wa mzinga huu," alimwambia mwanangu. "Mpelekee yule seremala wa mizinga kule ng'ambo ya bonde. Hapa tunazalisha wa manjano."

"Na hao walafi wenu," akaongeza akivua glavu, "maua yakiisha, maji ya sukari ya kuwalisha sikorogi mimi!"

"Nitakoroga mimi, baba!" ikajibu sauti kutoka dirishani.