Faksi Iliyopiga Hodi

Mzee Sadallah hakuwahi kuitaka faksi. Alikuwa na simu mbili, alikuwa na WhatsApp inayolia kutwa, na alikuwa na kompyuta ambayo Eufrasia, katibu wake, aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hata hajaketi. Kwa ofisi ndogo ya kununua kakao pale Ifakara, hayo yalitosha kabisa. Lakini mnunuzi mpya, Mjapani, alisema karatasi za mzigo zisainiwe kwa mkono na zitumwe kwa faksi. Bila faksi, basi.

"Wajapani hawa hawa?" Mzee Sadallah alifoka. "Waliotujazia magari mji mzima? Faksi?"

"Ndivyo wanavyotaka, bosi."

"Mimi mara ya mwisho kuiona faksi nilikuwa bado na nywele."

Fundi Fredy, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa pili, akaleta mbili ili wachague. Moja mpya, nyeupe, ya wino. Nyingine ya zamani, rangi ya majivu, ilitoka kwenye ofisi ya kampuni ya mbao iliyofungwa. Ile ya zamani ilikuwa na mkonga wa simu pembeni, na karatasi yake ilikuwa ya roli.

"Hii mpya nzuri, ila wino wake mpaka Dar," Fredy alisema. "Hiki kizee hakina wino. Kinachoma karatasi kwa joto, maandishi yanatokea. Ubaya wake mmoja tu, dada Eufrasia, maandishi hayakai. Kwa joto letu hili, baada ya wiki kadhaa karatasi imerudi nyeupe. Ukipokea tu, toa kopi hapo hapo."

"Kumbe inasahau," Eufrasia alisema.

"Eee. Kama wazee."

"Wazee gani?" aliuliza Mzee Sadallah.

Wakachukua ya zamani.

Kuishi nayo kulitaka moyo. Sisimizi walihamia ndani yake wiki ile ile. Umeme ukikatika ilisahau saa na tarehe, na ukirudi ililia kama kifaranga aliyekanyagwa. Karatasi zake zilitoka zimejikunja, mpaka uzibane na kikombe cha chai ndipo uzisome. Lakini Eufrasia aliizoea, akaitafutia kitambaa cha kuifunika, na ikifika saa ya Wajapani alikuwa anajua kabla haijalia, kama mama anayejua mtoto anataka kuamka.

Nyumbani kwao Katindiuka aliishi na mama yake, Mama Agnella. Walikuwa watatu zamani. Masika ya mwaka juzi kaka yake, Fulgensi, alikwenda kuvua Mofu, mto ukajaa, mtumbwi ukaonekana na yeye asionekane. Ndugu walitaka kuweka matanga. Padri naye alisema misa inasomwa hata kama mwili haujapatikana. Mama Agnella alikataa katakata.

"Nimlilie mtu ambaye sijamzika? Siku akirudi akasikia nilishamlilia, nitamtazama kwa macho gani?"

Basi kila jioni alipakua sahani ya Fulgensi, akaifunika, akaiweka mezani. Kila asubuhi Eufrasia alikula kile kiporo kabla ya kwenda kazini, kisha akaosha sahani. Mama yake alijifanya haoni. Waliishi hivyo, na ukiacha hiyo sahani waliishi vizuri tu.

Masika haya yalipoanza, mchana mmoja mvua ikipiga bati mpaka usisikie mtu anaongea nini, faksi ililia. Haikuwa saa ya Wajapani. Eufrasia alinyanyua mkonga, akasikia kama maji yanapita kwenye bomba. Akabonyeza kitufe cha kijani. Karatasi ikatoka taratibu, imelowa jasho la joto. Juu, mahali pa namba ya anayetuma, palikuwa patupu. Katikati kulikuwa na neno moja, limeandikwa kwa mkono:

HODI

Eufrasia akacheka peke yake. Watu gani hawa wanabisha hodi kwenye faksi? Lakini alilelewa vizuri. Kwao hodi haiachwi inaning'inia, hata kama upo bafuni una mapovu kichwani utaitikia tu. Na ile laini ilikuwa bado wazi, bado inapitisha maji yake. Akachukua karatasi, akaandika KARIBU, akaitumbukiza, akabonyeza. Mashine ikaimeza polepole kuliko kawaida.

Haikuchukua muda, ikalia tena. Hodi ya pili. Sasa akaandika: NANI?

Jibu lilikuja kama linavyokuja kwenye mlango wowote wa Kiswahili, jibu lisilosaidia kitu:

MIMI

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka. Zile herufi za I, zote, zilikuwa na nukta juu. Herufi kubwa, na nukta. Mtu mmoja tu aliyemjua ndiye aliyeandika hivyo, alichapwa sana shuleni kwa ajili ya nukta hizo na hakuziacha.

Alikimbia na karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Kopi ikatoka nyeupe. Akaigeuza ile karatasi yenyewe amwonyeshe Mzee Sadallah. Nayo ilikuwa nyeupe.

"Si Fredy alisema wiki?" alimuuliza bosi wake.

"Wiki nini? Mbona unanionyesha karatasi tupu, binti?"

Fredy alipoitwa alifungua mashine, akatoa sisimizi, akafunga. "Maji yameingia kwenye nyaya tu. Masika laini zinaingiliana. Utasikia hata watu wa Kiberege wanagombana."

Jioni Eufrasia alimkuta mama yake mlangoni. Uwanja umefagiliwa. Mama kavaa kitenge chake cha sikukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mchana mvua ikinyesha, kuna mtu kabisha hodi hapa."

"Nani?"

"Nikaitika, nikafungua, sikumwona. Lakini sauti ile, Eufrasia, naijua. Nimeizaa mimi."

Asubuhi yake sahani ya Fulgensi ilikuwa tupu. Eufrasia alifunua kifuniko akakuta punje mbili tatu za wali na maji kidogo, machafu, ya rangi ya mto. Aliiosha sahani kama siku zote, mikono inamwasha mpaka ofisini.

Kuanzia hapo kila mvua ilikuja na hodi yake. Eufrasia hakujibu tena. Alikaa tu akaitazama karatasi ikitoka, ikijikunja, ikirudi nyeupe. Lakini nyumbani mama yake aliitikia kila mara, na kila siku alizidi kuchangamka na kuzidi kukonda. Aliacha kwenda shamba. Mlango wa mbele hakutaka ufungwe kabisa.

Siku moja jirani yao, Stefania, alimleta mama akiwa amelowa mpaka kiunoni, amemshika mkono kama mtoto.

"Nimemtoa kwenye majaruba ya mpunga huko mwisho, maji yanapoanzia," Stefania alisema. "Anakwenda tu! Namwita hageuki. Wee Eufrasia, mfungie mama yako, utakuja kumwokota."

"Usiongee kama sipo," Mama Agnella alisema. Akamgeukia bintiye, anatabasamu. "Anasema twende wote. Amekuja kunichukua, mwanangu. Anasema huko hakuna joto."

Eufrasia alienda ofisini akachomoa faksi ukutani, waya wa umeme na waya wa simu. Mzee Sadallah alipiga kelele kuhusu Wajapani mpaka akachoka. Haikusaidia kitu. Mvua iliponyesha, hodi ilikuja nyumbani moja kwa moja, na safari hii Eufrasia naye aliisikia, chini kabisa ya kelele ya mvua, sauti ya mtu mwenye mafua. Alisimama mlangoni akapiga kelele: "Ondoka! Ondoka, tuache!"

Kofi lilimkuta shavuni. Tangu amalize shule mama yake hakuwahi kumpiga.

"Unamfukuza?" Mama Agnella aliuliza. "Umkaribishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, halafu umfukuze?"

Eufrasia alibaki ameshika shavu. Habari ya ile karatasi ya KARIBU hakuwa amemwambia mama yake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kesho yake alikaa ofisini kama mtu aliyekunywa dawa ya usingizi. Faksi ilikuwa imechomekwa tena, Wajapani wameridhika. Akaja Bwana Antoni wa bima, mtu ambaye akikaa kwenye kiti anasahau kuinuka. Akaongea juu ya bima ya moto, ya mafuriko, ya wizi, akaomba maji ya kunywa, akaanza upya na bima ya moto. Ghafla Mzee Sadallah akasimama, akavaa kofia, anatabasamu.

"Haya, Bwana Antoni, ngoja nikusindikize."

Na Bwana Antoni akanyanyuka! Akatangulia mwenyewe, anacheka, anaongea, mpaka barabarani. Alipozinduka alikuwa ameshaagwa na yupo juu ya bodaboda.

"Bosi, umemfanyaje?" Eufrasia aliuliza.

"Sikumfanya kitu. Mgeni ukishamwambia karibu, binti yangu, huna mdomo wa kumwambia ondoka. Lakini mwambie nikusindikize, uone. Anaondoka na miguu yake, tena anakushukuru."

Eufrasia akaomba ruhusa, akachukua mwavuli.

Alimkuta mama yake ameketi kizingitini, miguu nje. Akaketi ubavuni pake.

"Mama. Kaka amekaa sana. Wenzake watakuwa wanamtafuta huko. Tumsindikize."

Mvua ilianza, ndogo ndogo. Baadaye Mama Agnella aliinuka, akaingia jikoni. Alitoka na wali kwenye kibakuli na samaki wakavu kwenye jani la mgomba, akafunga vyote kwenye kitambaa safi. Mgeni haondoki mikono mitupu.

"Haya baba," alisema kuelekea ndani ya nyumba, maana ndivyo alivyomwita mtoto wake wa kiume tangu anamnyonyesha. "Twende tukusindikize, usije ukachelewa."

Wakatoka. Njia ilipita juu ya kuta za majaruba, kuta nyembamba za udongo, hamwezi kutembea wawili sambamba. Mama alitangulia. Eufrasia alipotaka kumfuata karibu, mama akasema bila kugeuka, "Mwachie nafasi." Akamwachia. Wakaenda hivyo, mama mbele, nafasi katikati, binti nyuma na mwavuli ambao hakujua amfunike nani.

Mama alikuwa anaongea njia nzima. Mbuzi wa Stefania amezaa mapacha. Eufrasia sasa ana kazi nzuri, anaongea na Wajapani, unasikia? Shangazi wa Mofu msalimie, mwambie mguu wangu umepona. Akinyamaza kidogo, alikuwa anasikiliza, kisha anacheka. Eufrasia alitazama chini asitazame mbele. Ndipo alipoona tope la ile nafasi ya katikati likibonyea, hapa, na hapa, nyayo pana za mtu wa peku, na maji yakijaa ndani yake moja baada ya nyingine.

Majaruba yakaisha. Mbele kulikuwa na maji tu, matete yamesimama ndani yake. Kwa masika yale maji yalikuwa mamoja mpaka Mofu. Hapa ndipo msindikizaji anasema sisi tunaishia hapa, na mgeni anasema haya, rudini.

Mama Agnella aliweka kile kitambaa cha chakula juu ya maji. Kikaelea, kikaenda. Yeye akakifuata. Maji ya kifundo. Maji ya goti.

Eufrasia alitupa mwavuli, akaukamata upindo wa kitenge cha mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, tunaishia hapa."

"Mbele kidogo."

"Hapa, mama!"

"Pale kwenye matete tu, mwanangu. Kidogo tu. Hajui njia na mvua hii."

"Anaijua kuliko sisi. Mama, muage. Mimi nilimkaribisha, nimekosa, lakini mwenye nyumba ni wewe. Mimi nikisema haendi."

Kitenge kilivutika. Eufrasia alichimbia visigino kwenye tope, na tope likaanza kumpeleka, polepole, bila mama yake hata kuonekana anavuta. Matete mbele yao yaliachana, yakabaki wazi, kama mtu aliyeshika mlango anasubiri wenzake wapite.

"Mama, na mimi je?" Eufrasia alilia. "Mimi nitapika chakula cha nani?"

Mama Agnella alisimama. Mvua ilimpiga kichwani, hakujifuta. Alitazama yale matete kwa muda mrefu, midomo inacheza, kama mtu anayeomba samahani kwa mwenzake.

"Haya, baba," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sisi tunaishia hapa."

Matete yakafunga.

Kisha akafungua kinywa akalia. Kilio chenyewe hasa, kile cha msiba, mikono kichwani, jina la Fulgensi limevutwa mpaka pumzi ikaisha, akaanza tena. Kilio cha miaka yote miwili. Kule nyumbani Stefania alikisikia, akaacha sufuria motoni, akaita wenzake. Wanawake wakaja juu ya kuta za majaruba wakiwa wamejifunga kanga viunoni, mmoja nyuma ya mwingine, viatu mikononi, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walipokea kilio kule kule njiani.

Eufrasia hakukiachia kile kitenge. Alikishika mpaka akasikia kimelegea mikononi mwake, na mama yake anarudi nyuma kwenye maji, hatua moja, akimtafuta kwa mgongo.