Karatasi ya Kupona

Rosalia alikuwa amechuchumaa bombani, mikono ndani ya beseni la povu, akifua shuka lililorudi nyumbani na harufu ya dawa. Ilikuwa siku ya nne tangu waruhusiwe. Usiku kumi na mbili alilala sakafuni pembeni ya kitanda cha Lusungu, binti yake wa miaka minne, homa ya uti wa mgongo ikimkausha mtoto kama dagaa wa juani. Siku ya kumi na tatu Lusungu akafumbua macho, akadai uji. Walipofika kwao Chang'ombe, wapangaji wa vyumba vyote sita waliwapokea kwa vigelegele. Karatasi ya kuruhusiwa Rosalia aliihifadhi ndani ya daftari lake la masomo ya jioni, isikunjike. Chini kabisa, kwa wino wa bluu, daktari alikuwa ameandika neno moja: Amepona.

Mama Brightson wa chumba cha mwisho alikuwa akianika nguo, mgongo amewageuzia Rosalia na Lusungu, aliyekuwa akicheza karibu na bomba.

"Shikamoo!" Lusungu akamsalimu.

"Marahaba, mkwe wangu."

"Shikamoo!"

"Marahaba, nishaitika mie."

"Shikamoo!" Sasa ilikuwa kelele, mishipa imemtoka shingoni.

Mama Brightson akacheka kule kule nyuma ya mashuka. "Jamani, mama Lusungu, mwanao karudi na fujo! Huko wodini mlikuwa mnamlisha betri?"

Rosalia naye akacheka. Kisha akaacha ghafla. Akainuka taratibu, povu likimchuruzika viwikoni, akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akaenda kusimama nyuma ya mtoto. Akagonga kwa nguvu zake zote. Kuku wakatimka. Mama Brightson akashtuka, vibanio vikamponyoka. Lusungu aliendelea kuivisha kitambaa chupa yake ya maji, aliyoifanya mtoto.

"Mungu wangu," mama Brightson akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Ndipo ya wodini yakamrudia Rosalia. Siku ya kumi na nne, Lusungu alimvuta ukosi wa gauni. "Mama, mbona mnanong'onaga tu? Ongea!" Na yeye, kwa kuwaogopa manesi waliokuwa wakiwagombeza wazazi wa watoto wenye kelele, alimwekea mtoto kidole mdomoni. Shii, wenzio wamelala. Mtoto aliposema tena, akamziba kwa kiganja. Sista Apolonia akapita, akamsifu: "Wewe mama unajua kulea." Sifa ile Rosalia aliiringia wodi nzima.

Hakumalizia kufua. Mumewe, Adelard, alikuwa zamu kiwandani, ambako simu huachwa getini. Akajifuta mikono, akamfunga Lusungu mgongoni, akaanza na zahanati ya mtaa. Mhudumu alisoma ile karatasi mara mbili. Alisema hana namna ya kumwandikia rufaa mtoto ambaye hospitali kubwa imeandika amepona. Warudi huko huko wakafunguliwe faili. Alipowasindikiza mlangoni akamshika Rosalia mkono. "Uwahi, mdogo wangu. Baada ya uti wa mgongo, wiki chache tu sikio linaweza kujifunga moja kwa moja."

Saa tano walikuwa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, watu thelathini nyuma yao. Karani alikuwa na kitambulisho kifuani: Leodegar.

"Faili limefungwa, mama. Huyu si mgonjwa."

"Kaka yangu, hasikii. Naomba aonwe na daktari wa masikio."

"Daktari wa masikio ni kwa rufaa. Rufaa inatoka zahanati."

"Huko ndiko ninakotoka. Wamesema nyie mliolifunga faili ndio mlifungue."

"Anayelifungua ni daktari aliyelifunga."

"Yuko wapi?"

"Likizo. Mpaka mwezi ujao."

"Sasa masikio ya mtoto nayo yakae likizo?"

"Mama, usinipandishie. Sijaandika mimi. Imeandikwa amepona, na kwenye mfumo amepona. Mie nikibadilisha hapa, kazi sina. Anayefuata!"

"Dada, sogea basi," mwanamke wa nyuma akasema. "Na sie tuna wagonjwa."

Rosalia hakusogea. Alimteremsha Lusungu mgongoni, akaibandika karatasi kwenye kioo kwa viganja vyote viwili. Mtoto, aliyefundishwa kwamba mkubwa hapitwi bila salamu, akasimama kwa ncha za vidole, paji la uso likatokeza kwenye ukingo wa dirisha.

"Shikamoo!"

"Marahaba," Leodegar akaitika, macho kwenye kompyuta.

"Shikamoo!"

"Marahaba, mtoto mzuri."

"Shikamoo!"

Watu wa foleni wakageuka. Mzee mmoja kwenye benchi akavua kofia, sijui kwa nini.

"Shikamoo!"

"Mama, mnyamazishe basi mtoto! Nimeitika mara ngapi? Kwani hasikii?"

Kinywa cha karani kikabaki wazi kidogo. Kwa mara ya kwanza akainua uso. Akamtazama Lusungu, akaitazama karatasi kwenye kioo, akamtazama tena Lusungu, aliyekuwa akimngojea kwa adabu zake zote. Kisha akayarudisha macho kwenye kompyuta.

"Anayefuata," akasema, chini chini.

Mwanamke wa nyuma akapitisha kadi yake juu ya bega la Rosalia. Karani akaipokea.

Kidole cha Rosalia kikaondoka chenyewe kwenye kioo, kikashuka kuelekea mdomo wa mwanawe, kama kilivyozoea kule wodini. Kikafika nusu ya njia. Akakikunja. Akamnyanyua Lusungu, akamkalisha kwenye ukingo wa dirisha, uso kwa uso na karani, akamshika kiuno asianguke.

"Shikamoo!" Lusungu akasema. "Shikamoo! Shikamoo!"

Mama yake hakumnyamazisha.